Saini za mashindano ya taifa ya sataranji: fundi wa fremu wa River Road

Kama una karatasi au ubao wenye saini za wachezaji wa mashindano ya taifa ya sataranji, na umeuweka kwenye bahasha ya kaki chini ya kitanda, utoe uende nao River Road, Nairobi. Kuna mzee huko, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa, ambaye kazi yake ni fremu tu. Mlango wake hauna bango. Ukishukia kituo cha Odeon, pita Latema Road uingie River Road, kisha waulize wauza vitambaa alipo fundi wa fremu. Watakuonyesha ngazi kabla hujamaliza kuuliza. Nimempelekea vitu ninavyovithamini kuliko vyote nilivyo navyo nyumbani, na baada ya kuona alivyovirudisha, sitampelekea mtu mwingine.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, naishi Buruburu, na wikendi nyingi huwa mwamuzi kwenye mashindano ya chesi, yaani sataranji, hapa Nairobi. Nakusanya saini. Si saini za kuomba langoni kama wafanyavyo mashabiki wa mpira, ingawa hizo pia ninazo kidogo. Ninachokitafuta hasa ni karatasi za hatua, zile ambazo mchezaji huandika kila hatua yake na ya mpinzani wake tangu askari wa kwanza asogezwe mpaka mchezo uishe.

Wasiocheza wavumilie kidogo nieleze, maana bila hili hawataelewa kwa nini nalipa pesa kuweka kioo juu ya karatasi yenye herufi na namba tupu. Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kifungu cha 8.7, zinataka wachezaji wote wawili watie saini karatasi zote mbili mchezo unapoisha, na matokeo yaandikwe hapo. Kwa hiyo kila karatasi kamili ina saini mbili: ya aliyeshinda na ya aliyeshindwa. Umekaa kwa muda wa saa nne, umepigana, umenyang'anywa ngome yako kwa uzembe wa hatua moja, mikono inatetemeka, na bado unashika kalamu uandike 0-1, yaani mwenye weupe kashindwa, kisha utie jina lako chini. Sijaona mchezo mwingine ambao mshindwa huthibitisha kushindwa kwake kwa mkono wake mwenyewe mbele ya mwamuzi. Kombe lina jina la mmoja. Picha ya gazetini ina sura ya mmoja. Karatasi ina wote wawili, na ndiyo maana kwangu inazidi kombe.

Watu humsifu Bobby Fischer kwa ubingwa wa Marekani wa 1963/64, aliposhinda michezo yote 11. Sawa, ni jambo kubwa. Lakini kulikuwa na watu 11 walioketi upande wa pili wa ubao ule, mabingwa wa watu, na leo ni wachache wanaoweza kuwataja hata watatu. Mimi nataka wa upande wa pili pia.

Sasa, hapa kwetu karatasi hizi huishia wapi? Raundi ikiisha, tunakusanya, tunaingiza matokeo kwenye kompyuta, na baada ya dakika chache jedwali liko kwenye tovuti ya Chess-Results, dunia nzima inaona nani alimpiga nani. Lakini jedwali linaonyesha matokeo tu. Hatua zenyewe zisipochapwa na mtu mwenye subira, zinabaki kwenye ile karatasi peke yake. Bao za kielektroniki zinazorusha mchezo moja kwa moja ni chache, na huwekwa meza za juu. Meza ya tisa, ambako binti wa miaka kumi na sita amemtoa bingwa wa zamani, karatasi ndiyo kila kitu. Nimeona karatasi za aina hiyo zikifungiwa maandazi, na nimeziona zikifutia meza. Marekani, mashindano yao ya taifa yamekuwa yakifanyika kwenye klabu ya chesi ya Saint Louis tangu 2009, na ng'ambo ya barabara kutoka klabu hiyo kuna jumba la makumbusho la sataranji, World Chess Hall of Fame, lililofunguliwa hapo 2011. Bingwa wao akisaini kitu, kinavuka barabara tu kipate kabati na taa zake. Mimi nina River Road, na baada ya kazi hii sioni kwamba nimepungukiwa sana.

Kwanza neno moja kuhusu uhalali, kwa sababu waamuzi wenzangu watasoma. Kifungu cha 8.3 kinasema karatasi za hatua ni mali ya mwandalizi wa mashindano. Haziokotwi mezani na kutiwa mkobani. Mimi huomba kwa maandishi mashindano yakishafungwa, na huwauliza wachezaji wenyewe kama wanaridhia. Mchezaji akiwa mtoto, namuuliza mzazi. Nikiwa kazini kama mwamuzi siombi chochote kwa yeyote mpaka zawadi zitolewe. Mchezaji atakayekuja mbele yangu na mgogoro kesho yake asiwaze kwamba nilimchekea jana nikitaka saini.

Nilimpelekea mzee vitu vitatu, na nitavieleza kwa kadiri vilivyomtoa jasho.

Cha kwanza ni karatasi ya raundi ya mwisho, mchezo wa hatua 71, mwishoni ngome kwa ngome, mmoja ana askari wa ziada. Karatasi hiyo ina mistari ya hatua 60 upande wa mbele, na saini ziko chini ya mistari hiyo. Hatua ya 61 mpaka ya 71 ziko nyuma. Na hizo kumi na moja za nyuma ndizo mchezo wenyewe! Ndizo zenye hatua ya mfalme iliyookoa sare, nafasi ambayo ukumbi mzima ulishaikatia tamaa. Ukiitia kwenye fremu ya kawaida umezika sehemu tamu ukutani.

Nilipanda ngazi nikamkuta anapiga msasa. Ni mtu wa Lamu, amezeeka vizuri, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akafuta mkono kabla ya kupokea karatasi. Hilo nililiona mara moja. Mafundi wengi hupokea karatasi kama wanavyopokea noti.

"Mwalimu, hii ni nini? Hesabu?"

"Ni mchezo wa chesi, Mzee. Umeandikwa wote hapo."

Aliigeuza, akaona maandishi ya nyuma, akaigeuza tena. "Na saini hizi mbili?"

"Za wachezaji. Mmoja ndiye angekuwa bingwa kama angeshinda. Alishikwa sare."

"Na akatia saini?"

"Ndiyo kanuni."

Akaisogeza karibu na dirisha. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri picha ya mahafali akashauri kadi ya pembeni ikatwe dirisha dogo ili jina kubwa tu lionekane, na zile saini "chafu" za chini zifichwe. Mzee hakumjibu. Alichukua rula, akapima kuanzia ukingo wa juu mpaka chini ya saini ya pili, akaniambia, "Basi hapa hapakatwi kitu. Wote wawili watakaa. Na nyuma tutaweka kioo vilevile."

Ndivyo alivyofanya. Karatasi imekaa katikati ya vioo viwili, lakini haigusani na kimojawapo. Kila upande kuna kadi nene iliyokatwa dirisha, na unene wa kadi ndio unaoacha pengo. Hili si pambo. Kioo kikigusa karatasi, unyevunyevu wa Julai ukiganda juu yake, wino hulowa na karatasi hunata, na siku utakayotaka kuitoa itabaki nusu kwenye kioo. Mzee alilijua hilo kutokana na picha za zamani za studio, ambazo amewahi kuletewa zikiwa zimeshikana na vioo vyao, na kwa hizo alisema hakuna dawa. Fremu hii unaining'iniza kwa bawaba ndogo ubavuni, inafunguka kama mlango, unasoma mbele kisha nyuma. Bawaba alizitafuta mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeomba tu fremu yenye vioo viwili. Wanafunzi wangu wa klabu walipokuja nyumbani waliifungua na kuifunga mpaka nikaogopa, lakini haikulegea.

Cha pili ni ubao. Huu ni ule ubao laini wa plastiki unaokunjwa kama mkeka, miraba ya kijani na nyeupe, kila mraba takriban sentimita 5.7, ubao mzima na kingo zake unakaribia nusu mita. Baada ya zawadi kutolewa, wachezaji wa fainali walisaini miraba myeupe, mmoja mmoja. Kwa aliyeanza kukusanya leo, huu ndio ushauri wangu wa kwanza: ubao wa plastiki unapendeza kuliko vyote na unaharibika kuliko vyote. Wino wa maka hauketi juu ya plastiki laini, unaingia ndani taratibu, na miaka ikipita herufi hunenepa, kingo zinafifia, jina linageuka doa. Hakuna fundi wa kuzuia hilo kabisa. Unachoweza ni kuupunguzia joto na mwanga, na kuhakikisha haukunjwi tena, kwa sababu ukiukunja saini ya mraba mmoja huachia alama nyuma ya mwingine.

Ubao wangu ulikuwa umekaa kwenye mkebe wake muda mrefu na ulikuwa unajikunja kila ukiuachilia. Dukani kwingine nilikopita kuulizia, kijana alitoa pasi. Nikamshukuru nikaondoka. Mzee wa River Road aliulaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe laini, akaweka karatasi nyingine juu, kisha mbao mbili pana na debe la misumari, akaniambia niende zangu. Ulinyooka wenyewe.

Kisha likaja suala la kuushikilia. Plastiki hii ni nzito. Ukiibandika kwa gundi umeiharibu, ukiipiga pini umeitoboa, ukiiacha inaning'inia kwa pembe za juu inalegea tumbo. Alichokifanya ni kuchonga vibanzi vyembamba vya mbao, akavizungusha pande zote nne vibane ukingo kama vile vinavyoshika kioo cha dirisha, milimita chache tu kila upande. Hakuna gundi wala msumari uliopita kwenye ubao.

Ila palikuwa na kijana mmoja. Aliposaini yeye, miraba myeupe ilikuwa imejaa, na kwa adabu hakutaka kuandika juu ya jina la mkubwa wake, basi akasaini pembezoni kabisa, chini ya mraba wa a1, palipochapwa herufi. Kibanzi kingepita juu yake. Mimi nilikuwa tayari kulinyamazia, kazi ilishakuwa ngumu vya kutosha. Mzee ndiye aliyeiona. Alitoa patasi, akachonga kijidirisha kwenye kibanzi, urefu wa kidole gumba, saini ya kijana ikaonekana yote. Kingo za kijidirisha amezilainisha kwa msasa mpaka unadhani kibanzi kiliumbwa hivyo. Fundi wa mashine asingefanya hivyo, na wala nisingejua kumwomba.

Fremu yenyewe ni ya saiprasi, ina kina cha sentimita tatu hivi, kioo kiko mbali na plastiki. Nyuma aliweka kwanza karatasi nene nyeupe ndipo hadibodi, kwa sababu hadibodi tupu hutoa rangi ya kahawia inayopenya hadi mbele. Niliomba kadi isiyo na asidi, akasema anayo kidogo iliyobaki kutoka kazi ya ubalozi fulani, akaitumia kwenye ile karatasi ya vioo viwili. Kwa ubao alitumia ya kawaida na akaniambia wazi kwamba ni ya kawaida. Nilipenda ukweli huo. Plastiki haidhuriki na kadi kama karatasi inavyodhurika, kwa hiyo uamuzi ulikuwa sahihi, na uliniokolea pesa.

Cha tatu kilituumiza sote. Ni karatasi ya mchezaji mmoja mstaafu, babu sasa, aliyenipa kwa mikono miwili. Hakuna tarehe juu yake, lakini ukiisoma unajua ni ya zamani: hatua zimeandikwa kwa ule mtindo wa Kiingereza wa kale, P-K4, N-KB3, ambao FIDE iliacha kuutambua mwaka 1981. Vijana wangu wa klabu hawawezi kuusoma bila msaada. Saini zote mbili zipo, za kalamu ya wino, zenye mikia mirefu kama walivyofundishwa shuleni zamani. Na mtu mmoja mwenye nia njema, katika familia, aliipeleka kwenye saiba ikafunikwa plastiki ya moto.

Nairobi tuna ugonjwa huu. Cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba, barua ya posa, kila karatasi ya thamani inakimbizwa kutiwa plastiki kana kwamba ni kitambulisho. Plastiki ile haitoki. Gundi imeyeyushwa ndani ya nyuzi za karatasi, na ukijaribu kuibandua unabandua maandishi. Nilimuuliza mzee kama kuna njia. Aliishika muda mrefu, akaiinua kwenye mwanga, akasema, "Mwalimu, hii mimi siigusi. Mtu akikwambia ataitoa, mnyang'anye ukimbie." Akaiwekea fremu ikiwa hivyohivyo ndani ya plastiki yake, kadi ya rangi ya majani makavu pembeni ili weupe wa plastiki usipige macho. Imependeza kadiri inavyoweza kupendeza. Wenye karatasi za wazee, nawasihi: msizitie plastiki. Tieni kwenye mfuko wa polipropilini, ule mgumu kidogo unaolialia ukiushika, si ule laini wa PVC unaonuka kama pazia la bafu. Ule laini hunyonya wino.

Na zile nakala za rangi ya waridi au manjano anazobaki nazo mchezaji baada ya kukabidhi karatasi halisi, zisitundikwe kabisa. Maandishi yake si wino wa kalamu. Ni rangi inayojitokeza ndani ya karatasi kwa kugandamizwa, na mwanga huila mpaka inabaki kivuli. Piga picha nzuri au skani, tundika nakala, yenyewe ilaze gizani. Mzee alitaka kunitengenezea fremu ya mojawapo nikamkatalia, akaelewa.

Sasa lawama, maana zipo.

Ahadi za mzee za siku ya kuchukua kazi si za kutegemea. Akisema Ijumaa, hesabu Ijumaa ya wiki nyingine, na Ijumaa yenyewe mchana yuko msikitini, usipande ngazi bure. Simu hupokea akitaka. Kama unataka zawadi ya kumpa mchezaji siku ya kufunga mashindano, mpe kazi mapema mno, tena umwambie tarehe ya uongo.

Hana kioo cha kuzuia miale ya jua. Nilimuuliza, akasema huagizwa kwa oda na bei yake haiingiliki. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na jua letu, hata siku ya baridi, ni kali kwa wino. Kwa hiyo fremu zangu ziko kwenye korido isiyo na dirisha, na nadhani huko ndiko zinakopaswa kuwa hata kwa wenye kioo cha bei.

Fremu ya ubao ilirudi na chembe ya vumbi la mbao chini ya kioo, juu ya mraba wa e5. Inaonekana. Alipoonyeshwa hakubisha, akafungua akaipuliza, lakini angeiona mwenyewe kabla sijalipa. Na nyuma ya ile fremu ya babu alikuwa amefunga kwa tepu ya kahawia ya maboksi. Gundi ya tepu ile husafiri. Nilimwomba aitoe akaitoa kwa kunung'unika, akaweka karatasi ya gundi ya maji. Mwambie mapema kwamba hutaki tepu.

Anapenda dhahabu. Asilimia kubwa ya kazi zake ni picha za harusi, za mahafali, na ile picha ya Rais inayotundikwa maofisini, na hizo zote humeremeta. Atakushawishi. Mimi nilisimama kwenye kahawia isiyo na vanishi ya kung'aa. Karatasi yenye maandishi ya mkono ya mtu aliyekuwa anaishiwa na dakika haifai kuzungushiwa maua ya dhahabu.

Bei, kwa wanaohesabu. Fremu ya karatasi moja yenye kioo upande mmoja ilinigharimu shilingi 1,800. Ya vioo viwili na bawaba 3,400. Ubao 6,500, na hiyo ni baada ya kubembelezana kwa heshima, maana alianza na 8,000. Unalipa nusu kwa M-Pesa unapoacha kazi, nusu unapochukua. Risiti hana, anaandika kwenye daftari na kukuonyesha, basi piga picha ukurasa huo. Duka moja la fremu kwenye jumba la maduka Westlands liliniambia 17,000 kwa ubao peke yake, na kijana wa kaunta akaniuliza kama saini hizo ni za watu maarufu. Nilimwambia ndiyo. Kwangu ni maarufu.

Najua swali la wengine: vitu hivi vina thamani gani sokoni? Saini ya Fischer ina mnada wake Ulaya na Marekani. Ya bingwa wa Kenya haina mnada popote. Uganda, Tanzania na Zambia mambo ni hayo hayo. Amon Simutowe wa Zambia alipata ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha mchezaji, mwaka 2009, wa kwanza kutoka nchi za kusini mwa Sahara, na huwa nikijiuliza karatasi za michezo yake ya ujana ziko kwa nani, na kama huyo mtu amezitia plastiki. Siku atakapotokea grandmasta wetu, watakuja waandishi kutafuta mchezo wake wa kwanza wa taifa, na huenda alicheza meza ya tisa, kwenye karatasi ambayo mtu ameshaifungia maandazi. Kwa hiyo mimi sinunui cha kuuza. Nahifadhi, na nahifadhi saini mbili kwa kila mchezo.

Jambo moja la mwisho ambalo mzee aliniongezea bila malipo, nanyi mwombeni: nyuma ya kila fremu amebandika mfuko mdogo wa karatasi. Humo natia kipande kilichoandikwa kwa penseli mashindano, mwaka, raundi, namba ya meza, majina kamili ya wote wawili na jina la mwandalizi aliyeniruhusu. Saini nyingi za wachezaji hazisomeki, na baada ya miaka ishirini hakuna atakayekumbuka mkunjo ule ulikuwa wa nani. Usiandike hayo juu ya karatasi yenyewe.

Anafungua Jumatatu mpaka Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi. Ngazi ni nyembamba na taa ya katikati haiwaki, hivyo kwa fremu kubwa nenda na mtu wa kukusaidia kushuka. Mimi nitarudi kwake na ubao wa mashindano ya wanawake, na safari hii nimewaambia wachezaji watumie kalamu ya wino juu ya ubao wa mbao.